Uchambuzi: Watalii wafurika Shanghai, mzigo wa Krismasi shakani

Kila ifikapo Oktoba mosi, siku ya taifa la China, ukingo wa Mto Huangpu mjini Shanghai haupitiki. Mamia ya maelfu ya watu humiminika eneo la Bund kutazama majengo ya kale upande mmoja na maghorofa ya Pudong ng'ambo ya pili.

Polisi hushikana mikono kwenye vivuko vya barabara, wakifungua na kufunga njia mithili ya taa za kuongozea magari. Nyakati za msongamano mkubwa, treni za chini ya ardhi hupita kituo cha East Nanjing Road bila kusimama. Tahadhari hiyo ina sababu: usiku wa Desemba 31, 2014, watu 36 walikufa kwa kukanyagana hapo hapo Bund.

Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo, Kampala au Lubumbashi, picha hizo si za kutazama tu. Wengi wa watu hao ndio mafundi wa kiwandani, makarani wa benki na mawakala wa meli. Wao wakiwa matembezini, oda yake imesimama.

Msongamano huo ni matokeo ya sera. Likizo hiyo, maarufu kama Wiki ya Dhahabu, ilianzishwa mwaka 1999, baada ya msukosuko wa uchumi wa Asia, ili wananchi watumie fedha zaidi nchini mwao. Aidha, kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2008, mfanyakazi ambaye hajatimiza miaka 10 kazini hupata siku 5 tu za likizo ya malipo kwa mwaka. Kwa hiyo taifa zima husafiri kwa wakati mmoja.

Mwaka 2025 likizo ilikuwa ya siku 8. Kwa mujibu wa takwimu za serikali ya China, safari za ndani zilifikia milioni 888 na matumizi yuan bilioni 809. Mwaka 2024, kwa siku 7, zilikuwa safari milioni 765 na yuan bilioni 700.8.

Ukigawanya, kila safari ilitumia yuan 916 mwaka 2024 na 911 mwaka 2025. Yaani watu wanatembea zaidi, lakini mfuko wameushika. Soko la ndani likiwa zito namna hiyo, kiwanda huhitaji zaidi mnunuzi wa nje, na hapo mwagizaji wa Afrika Mashariki ana nafasi ya kuvutana bei.

Hata hivyo, nafasi hiyo huliwa na ucheleweshaji. Bandari ya Shanghai, inayoongoza duniani kwa makontena, haizimi winchi zake, lakini benki na ofisi nyingi hufungwa. Mwishoni mwa Septemba viwanda hukimbizana kumaliza oda, na malori na nafasi za meli huwa za kugombea. Baada ya likizo mzigo hupungua, na kampuni za meli hufuta baadhi ya safari.

Kontena lililokosa meli ya Septemba linaweza kusubiri wiki kadhaa. Ongeza safari ya baharini hadi Dar es Salaam au Mombasa, forodha, kisha barabara hadi Kigali au Bujumbura. Bidhaa za Krismasi zinaweza kuingia dukani Januari, wakati wazazi wa Tanzania na Kenya wanawaza ada za shule. Muda wote huo malipo ya awali, ambayo mara nyingi ni asilimia 30, yamelala kwa muuzaji, na msafirishaji hana mzigo wa kupakia.

Wapo pia wanaowahi China mapema wakisubiri maonyesho ya Guangzhou ya Oktoba 15. Hao hukuta hoteli zimepanda bei na tiketi za treni, ambazo huanza kuuzwa siku 15 kabla, zimekwisha. Kufika baada ya Oktoba 8 ni nafuu zaidi.

Kwa mwagizaji, tarehe ya kuangalia si Oktoba mosi bali Agosti. Oda ya Krismasi ambayo haijathibitishwa na kulipiwa mwezi huo ina hatari ya kukutana na umati wa Bund.