"LIMEBAKI HILI TU": Maneno Machache juu ya Gari Kuukuu

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano wetu uliopita, mwenzetu mmoja alitoa shauri kwamba chama kinunue pikapu kuukuu ya kuchukulia karafuu mbichi kutoka mashambani mpaka uwanja wa kuanikia, na kavu mpaka kituo cha kununulia. Wengi walipiga makofi. Nami kwa kuwa ni katibu wenu nikaandika katika kumbukumbu: "Shauri limependwa, litaletwa mkutano ujao." Sikusema neno siku ile, maana sikuwa na la kusema. Sasa ninalo, na nimelipata mbali, katika mji wa Same, chini ya Milima ya Upare. Naomba mnisikilize kabla hatujafungua mfuko wa chama.

Dada yangu ameolewa Same. Nilikwenda kumtazama, kwa chombo mpaka Unguja na Dar es Salaam, kisha kwa basi la njia ya Arusha. Mgeni akifika mji ule huona ajabu. Mji wenyewe uko uwandani, penye jua kali na vumbi na mvua haba. Lakini ukiinua macho upande wa mashariki waona milima imefunikwa na kijani, na kilele chake cha Shengena chafika mita 2,462. Huko juu ndiko kwenye migomba na kahawa, na khasa tangawizi ya Mamba Miamba ambayo sifa zake zimeenea. Basi kazi ya shemegi yangu ni hiyo: kuteremsha tangawizi na watu kutoka mlimani, na kupandisha saruji, unga na chumvi. Kwa kazi hiyo alinunua pikapu kutoka Japani iliyokwisha tumikia mabwana wawili wa Dar es Salaam. Alitoa shilingi 8,500,000.

Siku ya tatu ya ugeni wangu alinichukua nikaone milima. Twende tulikwenda vizuri. Kurudi, tulikuwa na magunia ya tangawizi nyuma, na juu ya magunia watu, na mbele pamoja nasi bibi mmoja mtu mzima, mwenye magunia manne katika yale. Kabla hatujaanza mteremko mkubwa kulikuwa na kilima cha kupanda. Gari likakipanda kwa gia ya kwanza likiguna, kisha moshi mweupe ukatoka mbele, na harufu ya maji yaliyochemka. Likasimama. Utingo akaruka na dumu la maji ya kijito akitaka kuyamimina, shemegi akampigia kelele aache. Baadaye aliniambia kwamba mara ya kwanza ndivyo walivyofanya: maji ya baridi ndani ya injini ya moto.

Tulikaa pale tangu saa nne ya asubuhi mpaka saa kumi. Siku ile ilikuwa siku ya gulio. Lori moja likapita, na mwenye lori alipoona hali ile akamwambia bibi yule kwamba atamnunulia mzigo wake papo hapo, kwa bei ambayo naona haya kuiandika. Bibi alitazama gari, akatazama jua, akauza. Hakutukana wala hakulia. Alisema tu, "Mwanangu, hii ni mara ya pili," akapanda lori.

Neno lile lilinichoma kuliko matusi. Gari likifa njiani, hasara haimwangukii mwenye gari peke yake.

Usiku nikamwomba shemegi anionyeshe hesabu za gari. Hakuwa na daftari. Alikuwa na mfuko wa nailoni uliojaa risiti na vikaratasi, na vingine alivikumbuka kwa kichwa. Mimi kazi yangu ni kuandika, basi tukakaa chini ya taa, dada yangu akituletea chai, nikaandika miezi kumi na minne ya gari lile. Gasketi ya hedi mara tatu: 380,000, kisha 420,000, kisha 900,000. Klachi 450,000. Altaneta na betri 350,000. Springi za nyuma 260,000. Breki 190,000. Pampu ya maji na mkanda wa feni 140,000. Kuvutwa na magari mengine, jumla yake 450,000. Ukijumlisha ni shilingi 3,540,000. Kisha nikamwuliza jambo asilopata kuulizwa: gari limelala siku ngapi? Tukahesabu pamoja, tukapata siku 97. Kila siku ya kazi alikuwa akipata kama 40,000 baada ya mafuta na utingo. Hizo ni 3,880,000 nyingine. Jumla kuu, shilingi 7,420,000. Lilipungua kidogo tu kuwa gari la pili.

Dada yangu aliiweka birika chini. Shemegi akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Lakini sasa limebaki giaboksi tu."

Ndugu zangu, neno hilo "limebaki hili tu" ndilo lililonifanya niandike. Kila mara alipotaka kuliuza, fundi alimwambia limebaki hili tu. Na kila mara alihesabu zile alizokwisha toa, akaona haiwezekani kuziacha zipotee, akaongeza nyingine. Wazee walisema, "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga." Ni maneno ya hekima kwa mtu aliyeanza kazi njema akaogopa taabu yake. Lakini maji ya bahari ukiyaoga utatoka safi. Gari kuukuu waweza kulioga mpaka ukabaki uchi. Fedha zilizokwisha kwenda kwa fundi zimekwenda, na gari likitengenezwa leo hazitarudi. Swali la haki ni moja: hizi nitakazotoa leo, zitaniletea nini kuanzia kesho?

Nami sina haki ya kumlaumu peke yake. Fedha za gasketi ya pili mimi ndiye niliyempelekea kwa simu, na maneno ya methali ile ile nilimwambia mimi. Nilidhani namsaidia.

Daftari lilionyesha na jambo jingine. Mtu asiyeandika aliona maradhi mengi mbalimbali. Yaliyoandikwa yalionyesha ugonjwa mmoja ukirudi. Kwa nini gasketi mara tatu? Fundi wa tatu, wa Moshi, ndiye aliyetafuta mzizi wake. Rejeta ilikuwa imeziba nusu kwa kutu na chumvi za maji yaliyotiwa miaka mingi. Uwandani, gari likienda mbio, upepo hulisaidia. Lakini milimani injini hufanya kazi kubwa na gari huenda polepole, upepo haupo, maji huchemka. Hedi ya aluminiamu ikipata joto la kupita kiasi hupinda, na gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda haiwezi kukaa. Mafundi wawili wa kwanza walibadilisha gasketi, hawakuipima hedi wala hawakuitazama rejeta. Walitibu homa wakaacha malaria. Yule wa tatu aliichonga hedi ikawa sawa, akasema rejeta nayo izibuliwe. Shemegi kwa kuwa mkono ulikuwa mtupu akaona hilo lingoje. Kuizibua kungalimgharimu shilingi 60,000. Matokeo yake mmeyasikia: bibi yule na magunia yake manne.

Hapa nataka niwasifu Wapare wenyewe, maana katika milima ile ile nimeona mfano wa kinyume chake. Wana mabwawa yao ya asili yaitwayo ndiva. Maji ya kijito huingia usiku yakajaa. Asubuhi hufunguliwa yakaenda mashambani kwa zamu. Tope likikusanyika ndiva hupungua maji. Basi wenye kuitumia hutoka pamoja, wake kwa waume, kuzoa tope na kusafisha mifereji, kazi ya pamoja wanayoiita msaragambo. Hawangojei ndiva ikauke ndipo walie. Tope wanalijua kwamba litakuja, kwa hiyo kazi ya kulizoa wameipangia siku yake. Mtu aliyelelewa kando ya ndiva, akinunua gari, husahau kwamba rejeta nayo hushika tope.

Sasa nirudi kwetu. Huenda mwenzangu mmoja akasema, "Katibu hataki maendeleo, anataka tuendelee na punda na kukodi magari ya watu." Sivyo. Gari jipya hatuliwezi, hilo lajulikana. Wala ukuukuu si aibu. Magari mengi yanayopita mbele ya milango yetu yalikuja yakiwa yamekwisha tumika Japani. Huko gari jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama ya ukaguzi na kodi zake si ndogo. Wengi huona afadhali kuuza kuliko kulipa. Na kwa kuwa Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, usukani wao uko kulia, gari lao laingia barabara zetu bila ya kugeuzwa kitu. Kwa hiyo gari kuukuu laweza kuwa zima. Lakini jingine limekwisha pita mikono mitatu, na kila mkono umeficha kitu kwa rangi mpya na maneno matamu.

Khasa kwetu sisi kosa hili lina ubaya zaidi. Tangawizi yaweza kungoja siku mbili. Karafuu mbichi haingoji. Ikilala ndani ya gunia hupata joto, ikaumuka, ikapauka, na hapana jua litakaloirudishia rangi yake. Wachumaji wamekwisha lipwa pishi zao, majamvi yametandikwa, wingu limetanda upande wa bahari, na pikapu ya chama iko chini ya mwembe imefunguliwa boneti! Hasara ya siku moja kama hiyo katika msimu yaweza kuzidi bei ya klachi. Na itamwangukia nani? Mwenye mikarafuu kumi, ambaye alitegemea gari la chama kwa sababu hawezi kukodi jingine.

Basi shauri langu ni hili, nami nitalisimamia mkutanoni.

Kwanza, tukinunua, gari likaguliwe na fundi tutakayemlipa sisi, asiye na fungu kwa dalali wala kwa mwenye kuuza. Likapandishwe kilima likiwa na mzigo, lisijaribiwe barabara ya lami peke yake.

Pili, siku ile ile ya kununua, sehemu ya fedha iwekwe kando kwa matengenezo, na kila safari iongeze kidogo. Kama mfuko wetu hautoshi gari pamoja na akiba hiyo, basi hautoshi gari.

Tatu, gari liwe na daftari lake, likae kwa katibu, na mwanachama yeyote akitaka kulitazama apewe. Iandikwe kila shilingi, kila spea, jina la fundi, na kila siku gari lililolala. Mafuta ya injini na maji ya rejeta yawe na siku zake, kama ndiva.

Nne, na hili ndilo kubwa, tuweke mpaka sasa hivi, wakati gari halijaja na hakuna anayelipenda. Matengenezo ya mwaka mmoja yakifika nusu ya bei ambayo gari lingeuzwa siku hiyo, isitolewe senti nyingine mpaka mkutano mkuu ukae uamue: kutengeneza au kuuza. Asiamue katibu, asiamue mwenyekiti, wala asiamue dereva akiwa amekwama njiani na simu mkononi. Mtu aliyekwama hana akili ya hesabu; nimemwona kwa macho yangu.

Yako maneno kwamba mpaka kama huo utatufunga mikono. Ndiyo, na hiyo ndiyo faida yake. Shemegi yangu ni mtu mwenye akili, hodari wa biashara, asiyekunywa wala kucheza kamari. Kilichomshinda ni kwamba kila tengenezo lilikuja peke yake, dogo, lenye sababu nzuri. Hakuna siku aliyoulizwa kwa jumla: je, unataka kutoa shilingi 7,420,000 kwa gari hili? Angeulizwa hivyo angecheka. Aliulizwa vipande vipande, akakubali vipande vyote.

Juzi dada yangu alinipigia simu. Shemegi ameliuza. Amepata shilingi 3,200,000, na kwa sasa anakodi gari la mtu mwingine siku za gulio tu, naye asema analala usingizi. Aliyelinunua ni kijana mmoja wa mji ule ule. Aliambiwa kila kitu, hakufichwa. Hata lile daftari nililoandika alionyeshwa. Akaliwasha, akasikiliza mlio wa giaboksi, akatikisa kichwa kwa furaha, akasema: "Si kitu. Limebaki hili tu."

Ndugu wanachama, mkutano ujao shauri la pikapu litakuwa la kwanza katika orodha. Kila mmoja aje akiwa amekwisha fikiri. Fedha hizo ni jasho la watu waliopanda mikarafuu, na wengine wameanguka juu yake wakavunjika. Tusiziache zikaishie ndani ya injini ya mtu mwingine.

Ni mimi wenu,
Katibu wa Chama