Gazi jikoni: kuwasha si kulinda

Siku hizi, katika kartie nyingi za Goma na Bukavu, chupa ya gazi si kitu cha wageni wa mashirika tena. Iko kwa mama muuza beignets, iko kwenye restora ndogo ya pembeni ya barabara, iko hata kwa mwanafunzi anayepanga chumba kimoja. Sababu zinajulikana. Bei ya makala inapanda kila mara njia inapofungwa. Kuran inakatika bila kuaga. Na tangu miji hiyo miwili ichukuliwe na M23, Goma mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili 2025, kila nyumba inatafuta namna ya kupika bila kungojea lori linalotoka mbali.

Mabadiliko hayo yako na faida ya kweli. Shirika la Afya Duniani, OMS, linahesabu kwamba moshi wa kupikia ndani ya nyumba uliuwa watu karibu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020 peke yake. Wengi wao ni watu wa nchi ambamo kuni na makala ndiyo njia ya kupika. Kongo ni mojawapo. Tena, sehemu kubwa ya makala ya Goma inatoka Virunga, na ripoti mingi za Umoja wa Mataifa zilionyesha namna biashara hiyo ililisha makundi yenye silaha kama FDLR. Kila chungu kinachopikwa kwa gazi ni gunia moja linalopungua polepole katika hesabu hiyo.

Lakini kuna swali moja ambalo wauzaji hawaulizi, na wanunuzi pia hawaulizi: moto wa resho ukizimika peke yake, nani anafunga gazi?

Vidude viwili vyenye kazi mbili

Resho nyingi zinazouzwa sokoni ziko na kitufe cha kuwashia. Unazungusha, unasikia "tak!", cheche inaruka, moto unawaka. Hakuna alimeti, hakuna kuunguza vidole. Ndani ya kitufe hicho mna kipande kidogo cha jiwe maalum. Kikipigwa na nyundo ndogo ya springi, kinatoa umeme mkali wa nukta moja tu. Ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, ndio waligundua tabia hiyo ya mawe katika mwaka 1880. Leo inaitwa piezo.

Watu wengi wakiona kitufe hicho wanasema: hii resho ni ya kisasa, iko na sekirite. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Piezo inafanya kazi ya kuwasha tu. Moto ukisha kuwaka, kazi yake imekwisha. Upepo ukipita dirishani na kuzima moto, piezo haijui. Maji ya fufu yakichemka na kumwagikia juu ya moto, piezo haijui. Robine imebaki wazi, na gazi inaendelea kutoka, kimya.

Kidude cha kulinda ni kingine. Ni kasindano kadogo ka chuma kanakosimama pembeni ya tundu za moto. Mafundi wanakaita termokople. Ndani yake mna metali mbili tofauti zilizounganishwa kwenye ncha. Moto ukiipasha ncha hiyo, umeme kidogo sana unazaliwa, sehemu chache za elfu za volti moja. Umeme huo unatosha kushika sumaku ndogo, na sumaku ndiyo inazuia mlango wa gazi usijifunge. Moto ukizimika, ncha inapoa, sumaku inaachilia, springi inasukuma mlango. Gazi inakatika yenyewe, kwa kawaida ndani ya dakika moja.

Jambo la kuangalia sana hapa: kidude hicho hakiombi pile, hakiombi SNEL, hakiombi kuran ya Virunga. Kinajilisha kwa joto la moto wenyewe. Katika miji ambamo umeme unakatika mara nyingi, hakuna sekirite inayofaa zaidi.

Sheria hiyo ndiyo inalinda pia nyumba za nchi za baridi. Wakongomani wengi waliopelekwa kuishi Marekani na Canada kama wakimbizi wanapashwa joto na furno ya gazi iliyo chini ya nyumba. Furno za sasa hazibaki na moto unaowaka siku nzima. Nyumba ikipoa, karata ya umeme inapasha kipande kimoja mpaka kiwe chekundu, inafungua gazi, halafu inatafuta alama ya moto kwa kifaa kingine. Isipoiona ndani ya sekunde chache, inafunga. Inajaribu tena mara chache, kisha inakataa kuwaka. Furno na termokople ni vitu tofauti, lakini wazo ni moja: bila ushahidi wa moto, hakuna gazi.

Jamaa ya mazuku

Mtu wa Goma haombi kufundishwa kwamba hewa inaweza kuuwa. Mazuku inajulikana tangu zamani: hewa nzito ya volkano inayolala mabondeni na ndani ya mashimo, ikiuwa mbuzi, kuku, na mara nyingine mtoto aliyeinama kuokota kitu. Gazi ya chupa, yaani butani na propani, iko na tabia inayofanana. Ni nzito kuliko hewa, mara moja na nusu mpaka mara mbili. Ikitoka haipandi juu ya nyumba. Inashuka, inatambaa chini ya kitanda, inaingia chumba cha jirani kupitia chini ya mlango.

Tofauti ni hii: mazuku inakosesha pumzi, gazi ya chupa inawaka. Sehemu 2 tu za gazi ndani ya sehemu 100 za hewa zinatosha, na cheche yoyote inamaliza kazi: mbabula ya jirani, switi ya taa, au ile "tak!" ya piezo wakati mama anarudi kuwasha resho aliyoona imezimika. Kidude kilichonunuliwa kwa kurahisisha maisha ndicho kinakuwa alimeti ya moto mkubwa.

Gazi yenyewe haina harufu. Ile harufu mbaya watu wanayoijua imetiwa na wenye kuitengeneza, kusudi iwe kengele. Lakini kengele hiyo inasaidia mtu aliye macho. Haisaidii aliyelala.

Tena kuna namna miji yetu ilivyojengwa. Goma, nyumba mingi ni za mbao juu ya mawe ya lava. Bukavu, katika kartie kama zile za Kadutu, nyumba zimebanana mpaka moto mmoja unaweza kula makumi ya nyumba kabla gari la zima-moto halijapata njia. Katika parseli moja mnaishi familia tano au sita. Resho mbaya ya mpangaji mmoja si hatari yake peke yake.

Wengine wanachanganya gazi ya chupa na gazi ya ziwa Kivu. Si moja. Ile ya ziwani ni metani, nyepesi kuliko hewa. Upande wa Rwanda, kiwanda cha KivuWatt kinaichoma tangu 2016 kwa kutoa megawati 26 za umeme. Upande wa Kongo, serikali ilitangaza katika mwezi wa saba 2022 mnada wa mablok 3 ya gazi hiyo. Chupa zinazouzwa mjini hazitoki huko. Zinaingia kutoka nje, kupitia nchi jirani. Na kama siku moja metani ya ziwa itafika jikoni, resho za leo zitaomba kubadilishwa tundu zake, sababu hazikutengenezwa kwa gazi hiyo.

Kwa nini soko linauza nusu ya kifaa

Resho isiyo na termokople ni rahisi kwa bei. Mnunuzi anaangalia vitu anavyoviona: moto miwili au mitatu, kioo juu, kitufe cha "tak". Kasindano hakaonekani vizuri, na muuzaji mwenyewe mara nyingi hajui kazi yake. Karatasi ya maelezo imeandikwa Kichina au Kiingereza. Ulaya, kanuni za kutengeneza resho za nyumbani zinaomba kila moto uwe na kidude hicho. Huku kwetu, resho mbili ziko pembeni kwa pembeni kwenye meza moja ya soko, moja iko nacho, ingine haina, na tofauti inayoonekana ni bei tu.

Kisha kuna tatizo la mafundi. Termokople ikichafuka au ikiungua, resho inawaka lakini ukiachilia kitufe inazimika. Mteja anaona imeharibika. Fundi mwenye haraka anafunga mlango wa sekirite kwa waya ili ubaki wazi. Resho inafanya kazi tena, mteja analipa na kushukuru. Ukweli ni kwamba amelipa kwa kuondolewa ulinzi. Kazi halali ni kusafisha ncha, kukaza msumari, au kuweka termokople mpya.

Detanderi nayo iko na hadithi yake. Ndani ya chupa, katika joto la nyuzi 20, butani inasukuma kwa nguvu ya karibu bar 2, na propani karibu bar 8. Resho ya nyumbani inaomba karibu milibari 30 tu. Kati ya nguvu hizo mbili, detanderi ndiyo ukuta. Lakini si chupa zote ziko na kichwa kimoja, juu zinatoka nchi mbalimbali, na mtu aliye na chupa ya huku na detanderi ya kule anajaribu kulazimisha kwa kamba ya mpira. Hapo gazi inavuja kabla hata ya kufika kwenye resho.

Nani anakagua?

Kwa sheria, OCC, iliyoanzishwa katika mwaka 1974, ndiyo yenye kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia nchini. Leo, katika miji iliyo mikononi mwa M23, huduma za serikali ya Kinshasa hazifanyi kazi kama zamani. Lakini mpakani, bidhaa zinaendelea kulipishwa. Yeyote anayepokea taksi juu ya resho na chupa, awe Kinshasa ao awe mwenye kushika mji, iko na deni kwa mlaji: kuangalia kama kile kilicholipiwa hakitachoma nyumba. Kulipisha bila kukagua ni kuuza ruhusa ya hatari.

Mfano wa jirani unaonyesha pia kwamba kanuni bila nguvu hazitoshi. Embakasi, mjini Nairobi, mwezi wa pili 2024, lori la gazi lililipuka kwenye uwanja wa kujazia chupa. Watu walikufa, wengine zaidi ya 200 wakaumia. Mamlaka ya nishati ya Kenya ilisema ilikuwa imekataa maombi ya ruhusa ya kituo hicho. Karatasi ilikataa, lakini kazi iliendelea katikati ya nyumba za watu. Goma na Bukavu, ambako gazi inaongezeka wakati ukaguzi unapungua, hazina sababu ya kufikiri kwamba jambo kama hilo ni la wengine.

Kile ambacho hakingojei serikali

Kuna mambo ambayo mnunuzi, muuzaji na mwenye nyumba wanaweza kuanza nayo.

Mbele ya kulipa, tafuta kasindano pembeni ya kila moto. Kama hakako, hiyo resho haina mlinzi, hata kama "tak" yake ni ya nguvu.

Nyumbani, jaribu hivi: washa moto, shikilia kitufe sekunde chache, achilia. Kisha funga robine ya chupa, uache moto uzimike wenyewe. Ndani ya dakika moja unapaswa kusikia mlio mdogo wa mlango unaojifunga ndani ya resho. Usiposikia kitu, ita fundi.

Kila ukibadilisha chupa, pakaa maji ya sabuni kwenye detanderi na kwenye tiyo. Mapovu yakipanda, gazi inavuja. Usitafute uvujaji kwa alimeti. Tiyo iliyopasuka haifungwi na mpira, inabadilishwa. Chupa inasimama wima, hailazwi.

Harufu ikisikika, funga chupa, fungua milango, toa watoto. Usiwashe wala usizime taa, na simu upigie nje.

Na hata resho nzuri inaomba hewa. Moto wa gazi ndani ya chumba kilichofungwa unaweza kutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, sawa na mbabula inayoingizwa ndani usiku katika baridi ya Lubero. Mashine ya kupasha maji ya kuoga haifai kuwekwa ndani ya dushi isiyo na dirisha.

Mashirika yanayogawa resho na wenye kuuza gazi wako na sehemu kubwa zaidi. Wakihesabu nyumba ngapi zimeacha makala, wahesabu pia resho ngapi ziko na termokople inayofanya kazi. INPP na shule za ufundi zinaweza kufundisha kazi hiyo kwa muda mfupi, na fundi aliyefundishwa anaweza kukataa kufunga mlango kwa waya hata mteja akilalamika. Mwenye parseli anaweza kuweka sharti moja kwa wapangaji: gazi inaruhusiwa, resho bila kasindano hairuhusiwi. Tofauti ya bei kati ya resho hizo mbili inalipwa mara moja. Nyumba ya mbao ikiungua, parseli nzima ndiyo inalipa.