Jengo Lina Soja, Uso Je?

Toa kamera kubwa mbele ya benki yoyote katikati ya jiji la Nairobi. Kabla hujafungua lenzi, soja ashakufikia: "Bosi, hapa huwezi piga picha. Uko na kibali?" Sasa beba kamera hiyo hiyo, panda matatu hadi Kibera, umwinamie mtoto asiye na viatu aliyekaa kando ya mtaro. Hakuna wa kukuuliza kibali. Ukiposti jioni, wasee watakuambia una jicho.

Basi tuambiane ukweli: hapa kwetu ukuta unaheshimiwa kuliko mtu.

Najua jibu la wapiga picha, nimelisikia mara nyingi: barabara ni ya umma. Sawa, barabara ni ya umma. Lakini mama anayepita na mtungi wake wa maji hajageuka kuwa mali ya umma pamoja na lami. Amepita tu. Kumwona ni jambo moja. Kumbeba, kumhifadhi na kumuuza ni jambo lingine kabisa.

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sitajifanya wakili. Ila kusoma sheria hakuhitaji digrii. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, hata asiye na geti. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inafanya picha inayokutambulisha kuwa data yako. Anayetaka kuitumia kibiashara anahitaji idhini yako, na kwa mtoto ni mzazi au mlezi anayeitoa. Na idhini uliyotoa leo unaweza kuiondoa kesho. Uandishi wa habari, fasihi na sanaa vimeachiwa nafasi, lakini nafasi hiyo inaegemea maslahi ya umma. Kutafuta likes si maslahi ya umma.

Na sheria hii ina meno. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu ya Casa Vera shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Roma School ya Uthiru ikatozwa 4,550,000 kwa picha za watoto zilizowekwa bila wazazi kukubali. Safi sana. Lakini meno hayo huuma mtu akilalamika, na mtu hulalamika akiiona picha yake. Yule mtoto wa mtaro ataiona wapi? Picha yake iko kwenye ripoti ya wafadhili London, ukurasa wa 3, chini ya neno "matumaini".

Mimi ni mwandishi wa kujitegemea. Miezi mingine kodi yangu hutoka kwa kuandika maelezo ya picha kama hizo. Kuna shirika moja lilinitumia picha arobaini za wanawake wa mtaa mmoja. Nikauliza majina yao, na kama wanajua picha zinaenda wapi. Nikajibiwa niandike tu "mkaazi". Nilipouliza tena, kazi ikapewa mtu mwingine. Wanawake arobaini, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na jina. Aliyepiga picha, yeye jina lake lilikuwa kwenye kila faili.

Tunajua uchungu huu, tukiguswa wenyewe. Januari 2019, baada ya shambulio la DusitD2, New York Times ilichapisha picha ya maiti za waliouawa pale. Wakenya tuliwaka. Tuliuliza kama wangewaonyesha wafu wao hivyo. Gazeti likatetea uamuzi wake, nasi tukazidi kukasirika, na tulikuwa na haki. Sasa ajali ikitokea Salgaa, ni nini hufika kwanza? Simu zetu. Familia inapata habari ya msiba kwenye grupu ya WhatsApp.

Kuna wasioulizwa, na hapa sitaki mtu anielewe vibaya. Polisi anayefyatua risasi barabarani yuko kazini, analipwa na kodi yetu. Piga picha, na uhifadhi nakala tatu. Tarehe 25 Juni 2024 bila kamera tungeambiwa hakuna kilichotokea. Lakini siku hizo hizo vijana walikuwa wanakumbushana kuficha nyuso za wenzao kabla ya kuposti, kwa sababu watu walikuwa wanatekwa. Hakuna aliyetufundisha darasani. Tulijua tu kwamba mwenye nguvu haombwi ruhusa, na anayeweza kuumia anaombwa mara mbili.

Utasema kuomba kunaua picha, kwamba mtu akijua ataanza kujipanga. Haya, piga kwanza. Kisha nenda umsalimie, umwonyeshe kioo cha kamera, umwambie inaenda wapi. Akikataa, ifute akiona. Hiyo ni dakika mbili. Kama huna dakika mbili za mtu, huna haja ya uso wake.

Na akitaka pesa? Hapo ndipo mnaposema watu wa mtaa wameharibika. Wewe utalipwa, mhariri atalipwa, shirika litapata ufadhili, lakini mama akiomba mia mbili ndiye mwenye tamaa? Mlipe, ama umwache aende zake.

Wahariri, hata wa jarida hili, nanyi mna kazi. Picha ikiletwa, ulizeni maswali matatu: huyu ni nani, alijua, alikubali? Kama hakuulizwa, mpiga picha aeleze ni kwa nini umma unahitaji kuiona. Akikosa jibu, arudishiwe picha yake, hata kama ni nzuri.

Hasa kama ni nzuri, maana hiyo ndiyo itakayosambaa.