Mgogoro wa shamba usile msimu

Kila msimu wa kilimo unapokaribia, migogoro ya mipaka ya mashamba huibuka upya. Mkulima anayekimbilia kesi wilayani hupoteza nauli, muda na pengine mavuno.

Tangu sheria irekebishwe mwaka 2021, baraza la kata Tanzania Bara halitoi tena uamuzi wa ardhi, bali husuluhisha. Likishindwa, hutoa cheti ili shauri liende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila suluhu, mlalamikaji anaweza kwenda bila cheti.

Tunawashauri wakulima wazitumie siku hizo vizuri: wafike na majirani wanaoijua mipaka, na makubaliano yaandikwe na kusainiwa. Wajumbe nao wasichelewe. Mvua haisubiri hukumu.