Ruhusa ya Hospitali Isiishie Mlangoni

Mgonjwa anapoondoka hospitalini twasema "amepewa ruhusa". Neno hilo laashiria kwamba kilichokuwa kimebaki ni idhini ya daktari tu. Maana hiyo finyu yafaa kuchunguzwa, kwani upasuaji wa kuingia asubuhi na kurudi nyumbani jioni unazidi kuenea ulimwenguni.

Chukua mfano wa kifaa cha umeme kinachopandikizwa mwilini ili kutuliza maumivu sugu ya mgongo na miguu. Dkt Norman Shealy alikipandikiza kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka wa 1967. Siku hizi wagonjwa wengi wa upasuaji huo hurejea makwao siku iyo hiyo, mradi maumivu yanavumilika, kichefuchefu kimekoma, mkojo unatoka na miguu ina nguvu. Hata hivyo, miguu ikilegea baadaye, yamkini damu imevilia kandokando ya uti wa mgongo, na mgonjwa hana budi kurejeshwa upesi asije akapooza.

Basi umbali nao ni sehemu ya tiba. Hata kwa upasuaji wa kawaida, kama ule wa ngiri, anayeishi mjini Machakos hawi sawa na mkazi wa Kola, kusini mwa mji huo, ambaye usiku wa manane humtegemea jirani mwenye gari.

Kisha kuna suala la lugha. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inamtaka mhudumu, inapowezekana, kumweleza mgonjwa kwa lugha anayoielewa, akizingatia pia kiwango chake cha kusoma. Nimesoma karatasi kadhaa za kuwaruhusu wagonjwa: zote zilikuwa za Kiingereza kilichojaa vifupisho. Ajuza wa Kola azungumzaye Kikamba atazitambuaje dalili za hatari humo?

Sipingi watu kurudi nyumbani mapema. Kitanda huachiwa mwingine, gharama hupungua na mgonjwa huepuka maambukizi ya wodini. Ninalodai ni kwamba, kabla ya sahihi kutiwa, aulizwe atalala na nani na atarudi kwa gari gani iwapo hali itabadilika. Halafu azitaje dalili za hatari yeye mwenyewe, kwa lugha yake. Akishindwa, aelezwe upya; na ikiwa hana msaidizi wala usafiri, alale hospitalini hadi asubuhi. Kawia ufike.