Imani Iliyopigana Mweleka

Vitabu vya Kikristo vya maisha halisi, hasa vile vinavyomsimulia mtu aliyeishika imani yake wakati dunia inawaka moto, havijapewa kiti katika baraza letu sisi wapenzi wa lugha. Huchukuliwa kuwa mali ya kanisa, bidhaa ya meza inayotandikwa mlangoni baada ya ibada, na kazi ya kuvipima huachiwa wahubiri. Rai yangu ni kwamba vitabu hivyo ni vyetu pia, tuvipime kama tunavyoupima utenzi. Na kipimo cha kwanza kiwe hiki: je, mwandishi ameyaacha mapambano yake yaonekane, au ameyavika haraka joho la ushindi?

Mzee wa fani hii ni Mwafrika. Augustino alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, ambao leo umo nchini Algeria. Alipoandika Maungamo, mwishoni mwa karne ya 4, alikuwa tayari askofu mwenye heshima ya kulinda. Hata hivyo anasimulia wizi wa mapeasi wa ujanani, kifo cha rafiki kilichomfanya auchukie mji wake wa kuzaliwa, na jinsi alivyoiahirisha toba mwaka baada ya mwaka. Rumi ilipotekwa mwaka 410, aliandika Mji wa Mungu kuwajibu waliodai kwamba Ukristo ndio uliouangusha mji ule. Akafariki mwaka 430, Wavandali wakiwa wameuzingira mji wake wa Hippo. Nafsi, imani na vita vilikwisha kukutana katika kalamu moja ya bara hili, karne nyingi kabla ya mashine ya kupigia chapa.

Katika karne ya 20, mchungaji Mjerumani Dietrich Bonhoeffer, aliyempinga Hitler, alikamatwa mwezi Aprili 1943, akanyongwa tarehe 9 Aprili 1945, vita vikikaribia kwisha. Barua alizoandika gerezani hazikukusudiwa kuwa kitabu. Rafiki yake Eberhard Bethge ndiye aliyezikusanya na kuzichapisha mwaka 1951. Humo mna mashairi pia, na katika mojawapo mfungwa huyo anajiuliza yeye ni nani hasa: yule mtulivu wanayemwona askari wa gereza, au yule anayetaabika anayemjua mwenyewe. Wala halifichi swali hilo kwa kuwa yeye ni mchungaji.

Naye Corrie ten Boom, fundi saa wa Haarlem nchini Uholanzi, alikamatwa na jamaa zake mwaka 1944 kwa kuwaficha Wayahudi. Baba yake alifia kifungoni siku chache baadaye. Dada yake Betsie akafia katika kambi ya Ravensbrück mwezi Desemba mwaka huohuo. Kitabu chake, kilichotoka mwaka 1971, kinasimulia jinsi alivyohubiri msamaha mjini Munich mwaka 1947, kisha mmoja wa walinzi wa kambi ile akamjia na kumnyoshea mkono. Mkono wake mwenyewe ukagoma kuinuka. Mhubiri wa msamaha hana msamaha wa kutoa! Kama angeuruka ukurasa huo, tungebaki na mahubiri mazuri ambayo kila mtu angeyakubali na hakuna ambaye yangemgusa.

Sasa tutazame nyumbani. Ushuhuda mwingi ninaousoma kwa Kiswahili hukimbilia mwisho. Mwandishi "anapitia wakati mgumu", Mungu "yuko upande wake", mlango "unafunguliwa", na hadithi imekwisha kabla msomaji hajajua mvua ilinyesha au hapana. Semi hizo nyingi zimevushwa kutoka Kiingereza zikiwa na mizigo yao kichwani. Katika miaka yangu ya kusahihisha insha sekondari, sentensi kama "niliteseka sana" niliizungushia wino mwekundu na kuuliza pembeni: uliteseka vipi? Mwanafunzi akirudi na "siku ya nne nilimwonea wivu mbuzi aliyekuwa akila maganda", hapo ndipo nilipojua kwamba njaa ilimpata.

Hatuwezi kuisingizia lugha umaskini. Tuna kulalama, kunung'unika, kusononeka, kusaga meno, kumeza mate machungu. Tuna imani, shaka, toba, subira na rehema, maneno ambayo Mwislamu na Mkristo wa pwani na bara huyatumia bila kugombania. Washairi wa kale Waislamu walitutungia Utenzi wa Ayubu, kisa cha mja aliyenyang'anywa kila kitu. Mathias Mnyampala, Mkristo wa Ugogo, aliiingiza Injili katika bahari ya utenzi. Shaaban Robert, katika Maisha Yangu, alisimulia maisha yake kwa nathari, ukiwemo msiba wa kufiwa na mkewe Amina, kisha akatia humo tenzi alizowatungia wanawe. Ghala limejaa, wanaolichota ndio wachache.

Wapo watakaosema kwamba ushuhuda ni wa kujenga, na kwamba shaka ikiandikwa itamvunja moyo aliye mchanga katika imani. Hoja hiyo naiheshimu, maana msomaji aliye dhaifu yupo kweli. Lakini Biblia yenyewe ina kitabu kizima kiitwacho Maombolezo, na Yakobo anatoka katika mweleka wake akichechemea. Msomaji dhaifu akisoma habari za watu wasiochechemea kamwe, atadhani kuchechemea kwake ni dalili ya kuachwa.

Jambo hili lina haraka. Kisa cha Immaculée Ilibagiza, aliyejificha na wanawake wengine katika choo cha nyumba ya mchungaji wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994, kiliufikia ulimwengu mwaka 2006 kwa Kiingereza. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, imewapokea Wakongo tangu mwaka 1996, na wengi wao ni wasemaji wa Kiswahili. Humo mna wazee waliosali porini usiku, na wengine walioacha kusali, kisha wakarudia. Wanazeeka. Wakiondoka kabla ya kuandikwa, wajukuu wao wataisoma habari ya vita hivyo kwa maneno ya mgeni, ikiwa itaandikwa.

Kwa hiyo nawaomba washairi na walimu wenzangu: anayemjua mzee wa namna hiyo aketi naye, amwandike kwa maneno yake mwenyewe, wala asimharakishe kufika kwenye "lakini Mungu". Mzee atafika huko mwenyewe, kwa mwendo wake. Na asipofika, hilo nalo liandikwe.