Koti Lililokopa Heshima

Katika arusi moja niliyohudhuria mwezi uliopita, baada ya ubani kufukizwa na wageni kushiba pilau, alisimama bibi mmoja aliyekaa Ulaya miaka mingi, akampa bi arusi nasaha ambayo tangu siku ile haijaniacha nikatulia. Alisema kwamba mtu ni libasi yake, na kwamba jaha ya mwanamke huanzia dukani. Na kwa ushahidi akatoa mkobani picha alizozikata magazetini ujanani mwake, za matangazo ya makoti ya manyoya ya Blackglama, ambamo waimbaji na waigizaji wakubwa wa Marekani wamejifunika manyoya meusi hadi shingoni. "Watazameni," alisema, "vazi ndilo lililowafanya wakawa watu." Ukumbi mzima ulimpigia makofi. Mimi sikupiga, kwa sababu imani ile, iliyoshangiliwa kama hekima, ni hadaa tupu, na picha zile zile zinaikanusha.

Tuanze na asili yake. Katika miaka ya sitini ya karne iliyopita, wafugaji wa minki, mnyama mdogo wa ukoo mmoja na kicheche, walioko pande za Maziwa Makuu ya Marekani ya Kaskazini, walikuwa na ngozi nyeusi za kuuza lakini hawakuwa na jina la kuziuzia. Wakatwaa herufi za kwanza za jina la umoja wao, wakaziunganisha na neno lenye maana ya weusi, likazaliwa jina Blackglama. Kisha wakamwendea Jane Trahey, mwanamke hodari wa kutunga matangazo mjini New York. Mwaka 1968 zikatoka picha za kwanza, zilizopigwa na Richard Avedon kwa rangi nyeusi na nyeupe: Judy Garland, Bette Davis, Lauren Bacall, Barbra Streisand na Melina Mercouri. Baadaye wakafuata Marlene Dietrich, Maria Callas, Lena Horne, Leontyne Price na wengine wengi, wake kwa waume.

Sasa namwomba msomaji aitazame karatasi ile kwa utulivu. Pana swali moja, ambalo kwa lugha yetu lingekuwa hivi: ni kipi kimpendezacho zaidi mtu aliyekwisha kuwa hadithi vinywani mwa watu? Tena pana jina la manyoya. Jina la mtu aliyeyavaa halipo. Halikuandikwa kwa kuwa hapakuwa na haja ya kuliandika. Uso ulitosha, na msomaji wa gazeti aliutambua kama atambuavyo uso wa shangazi yake. Kilichohitaji kutambulishwa ni koti. Basi wakisimama wawili mlangoni, mmoja akahitaji kutajwa jina na mwenziwe asihitaji, yupi kati yao ni mwenyeji na yupi ni mgeni aliyekuja kuazima jaha? Kizuri chajiuza, walisema wazee, na kibaya chajitembeza. Na koti hili lilitembezwa mabegani mwa watu wenye jina kwa zaidi ya miaka ishirini.

Wala jaha hiyo wenyewe hawakuipata dukani. Lena Horne, ambaye bibi yule alimtaja kwa fahari, alikuwa mwimbaji mweusi ambaye katika miaka ya arubaini Hollywood ilizitenga sehemu zake na hadithi ya filamu makusudi, ili wenye sinema wa majimbo ya Kusini wapate kuzikata, wasije wakamwonyesha mwanamke mweusi katika hali ya taadhima. Leontyne Price alizaliwa Laurel, mji mdogo wa Mississippi, mwaka 1927, na usiku alipoimba kwa mara ya kwanza katika Metropolitan Opera ya New York, mwaka 1961, watu walimpigia makofi kwa zaidi ya nusu saa. Makofi yale yalikuwa ya sauti yake na ya miaka ya mazoezi yaliyoijenga. Wauza manyoya walifika baadaye, karamu imekwisha kupikwa, wakakaa mezani. Na Judy Garland, aliyepigwa picha mwaka 1968, alifariki London mwezi wa Juni mwaka 1969, umri wake miaka 47, akiwa na madeni. Ikiwa koti humfanya mtu, mbona yeye halikumsitiri hata mwaka mmoja?

Najua watakaonijibu. Watasema kwamba wale hawakulipwa fedha, walipewa koti tu, na kwa hiyo ni dhahiri kwamba walilipenda kwa dhati. Hoja hii hata mtoto wa chuoni ataipangua. Shahidi asimame mbele ya kadhi hali amevaa koti la thamani kubwa alilopewa na mdai, na ushahidi wenyewe uwe juu ya uzuri wa koti hilo hilo, kisha aape kwamba hakupokea hata senti: kadhi gani mwenye akili timamu atamsikiliza? Angemwamuru avue kwanza. Aliyepokea kitu kwa ajili ya kukisifu amekwisha kulipwa, na sifa zake zina thamani ya malipo yale, hazizidi.

Tena uso uliokodishwa hauchagui mwajiri. Mwaka 1994 Naomi Campbell aliutoa uso wake kwa watetezi wa wanyama, katika tangazo la kusema kwamba ni heri kwenda uchi kuliko kuvaa manyoya. Mwaka 1997 akapita jukwaani amevaa manyoya ya Fendi. Na mwaka 2009 akawa sura ya matangazo ya Dennis Basso, mshonaji wa manyoya. Shahidi mmoja, daawa moja, pande zote mbili. Simlaumu yeye kama ninavyowalaumu waliomwamini mara zote, wakiwemo watetezi wale, ambao walikuwa na haki mkononi wakadhani haitasikika mpaka ivalishwe sura ya mrembo.

Lakini linaloniuma kupita yote ni picha ya Lillian Hellman. Mwandishi huyu wa tamthilia aliitwa mwaka 1952 mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyowawinda watu kwa tuhuma za ukomunisti, akakataa kuwataja wenziwe, akaandika kwamba hataikata dhamiri yake ili ilingane na mitindo ya mwaka ule. Mwaka 1976 naye akakaa mbele ya kamera, amevaa minki. Wauzaji walikuwa na warembo wa kutosha, wenye ngozi laini na umri mdogo. Walimtaka mwanamke aliyepita miaka sabini kwa sababu walihitaji ule ushupavu wa 1952 uhamie kwenye manyoya. Adili iliyomgharimu kazi na utulivu iliazimwa kwa bei ya koti. Mimi humheshimu Hellman hata leo, na kila niionapo picha ile nasikitika.

Na tusidhani kwamba ghururi hii ni ya Wamarekani pekee. Katika arusi ile ile kulikuwa na sare nne, za upande wa kike, wa kiume, marafiki na majirani, na namjua mama mmoja aliyekopa ili apate kitambaa cha kijani kibichi atakachokivaa siku moja, maana aliambiwa kwamba asiye na sare atakaa nyuma. Huyu ni jirani aliyemlea bi arusi akiwa mtoto mchanga. Kweli, asiyetimiza rangi alikaa nyuma, na mbele wakakaa wageni waliolitambua jina la bi arusi kwa kuliona kwenye kadi.

Bara letu pia limeonja matunda ya imani hii. Mwaka 1962 Jacqueline Kennedy, mke wa Rais wa Marekani, alionekana amevaa koti la chui; wanawake wenye uwezo wakataka kufanana naye, na chui wa Afrika wakawindwa kwa ajili ya mabega ya mbali, hata mataifa yakalazimika kutia saini mkataba wa Washington wa mwaka 1973 wa kuzuia biashara ya wanyama walio hatarini. Koti moja la minki hutumia wanyama hamsini au zaidi, waliokulia katika vizimba vya waya. Hakuna aliyewapiga picha.

Mwanangu bi arusi, nasaha uliyopewa irudishe kwa aliyeitoa, kwa adabu. Kisha chukua moja ya picha zake, uifunike sura kwa kiganja, utazame kilichobaki: ngozi za wanyama zilizoshonwa pamoja na jina usilolijua. Sasa lifunike koti, uiache sura. Ukimwona bado ni Lena Horne, utakuwa umekwisha kujua nani alikuwa akimvisha mwenziwe.